Je, Andrejs Rubins Alikuwa Winga Mzuri, au Alibahatika Kuzaliwa Latvia?

Swali la msomaji:

“Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, nacheza winga ya kushoto kwenye timu ya ligi ya mkoa. Kocha wetu anataka mawinga turudi mpaka chini kabisa kumsaidia beki. Nilipolalamika akaniambia nikamwangalie Andrejs Rubins wa Latvia. Nimemtafuta. Nimekuta alikwenda Crystal Palace ya England, akacheza mechi kama 30 za ligi bila kufunga hata bao moja, lakini timu yake ya taifa ameichezea mechi zaidi ya 100. Naomba uniambie ukweli: alikuwa winga mzuri, au alibahatika tu kuzaliwa kwenye nchi isiyo na wachezaji? Na mimi nikicheza kama yeye, nani ataniona?”

Jibu:

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza maswali mawili, na naona la pili ndilo linalokunyima usingizi. Nitalifikia. Ila kwanza tummalize Rubins, kwa sababu ulivyomsoma wewe ndivyo mawinga wengi wanavyosomwa, na wanaonewa.

Kwa kifupi, alikuwa winga mzuri sana kwa kazi aliyopewa na timu yake ya taifa, na kazi ile ni ngumu kuliko hii unayoitamani wewe. Takwimu ulizokuta ni za kweli, lakini zinahesabu mabao, na Latvia haikumweka pembeni ili afunge. Hata huko timu ya taifa, alikocheza tangu 1998 mpaka 2011, mabao yake yote unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mikono yako. Makocha walikuja wakaondoka, jina lake likabaki kwenye orodha. Sasa jiulize hao makocha walikuwa wanaona nini.

Rubins alizaliwa Riga tarehe 26 Novemba 1978, Latvia ikiwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti. Nchi ilipoupata tena uhuru wake mwaka 1991 alikuwa mtoto wa miaka 12. Nchi yenyewe ni ndogo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa na watu kama milioni 2.3 tu, na mchezo unaopendwa kuliko yote kule ni magongo ya barafuni. Msimu wa mpira unaanza majira ya kuchipua na kumalizika kabla baridi haijakamata, kwa sababu kipindi cha katikati ya baridi uwanja wa nyasi haukanyagiki. Ligi kuu yao, Virslīga, ilikuwa na timu 8 tu zilizokutana mara nne kwa msimu. Na ndani ya timu hizo 8 kulikuwa na moja tu iliyotawala: Skonto ya Riga ilichukua ubingwa mara 14 mfululizo, kuanzia 1991 mpaka 2004. Rubins alijiunga nayo mwaka 1998 na kukaa mpaka 2000.

Hapo kuna jambo la kuelewa kuhusu malezi ya mchezaji wa namna hiyo. Nyumbani unacheza mechi ambazo timu yako inashika mpira muda wote na mpinzani anajificha. Halafu unakuja usiku mmoja wa Ulaya, kila kitu kinageuka. Agosti 1999 Skonto ilikutana na Chelsea kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Ilifungwa 3-0 London, ikarudi Riga ikatoka 0-0. Winga wa Skonto alilazimika kujua kazi mbili zisizofanana: kufungua ukuta wa timu ndogo wikiendi, na kuwa sehemu ya ukuta timu kubwa inapokuja. Wengi waliijua ya kwanza tu. Rubins aliijua ya pili vizuri zaidi, na nadhani hiyo ndiyo sababu timu ya taifa ilimng'ang'ania.

Sasa England, maana huko ndiko ulikomhukumia.

Alisajiliwa na Crystal Palace mwaka 2000. Wakati ule Latvia haikuwa kwenye Umoja wa Ulaya (ilijiunga tarehe 1 Mei 2004), kwa hiyo mchezaji wa Latvia alihitaji kibali cha kazi kama anavyokihitaji Mtanzania au Mkenya. Masharti yalikuwa magumu. Ilibidi awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu yake ya taifa ndani ya miaka miwili, na timu hiyo iwe ndani ya nafasi 70 za juu kwenye orodha ya FIFA. La sivyo, klabu ipeleke rufaa mbele ya jopo. Tafakari hapo kidogo. Ulitaja zile mechi 100 na zaidi kana kwamba ni pambo tu, lakini bila kupangwa mara kwa mara kwenye timu ya taifa, Palace isingekuwa hata na cha kupeleka mezani.

Na hakuwa peke yake. Kocha wa Latvia kati ya 1999 na 2001 alikuwa Mwingereza, Gary Johnson, na katika miaka hiyo Walatvia walijaa England. Marians Pahars na Imants Bleidelis walikuwa Southampton, Vitālijs Astafjevs Bristol Rovers, Igors Stepanovs Arsenal, Andrejs Štolcers Fulham, na kipa Aleksandrs Koļinko alikuwa Palace pamoja na Rubins. Kwa nchi yenye ligi ya timu 8, hilo si jambo dogo.

Palace wenyewe walikuwa kwenye kipindi cha misukosuko. Klabu ilikuwa imetoka mikononi mwa wasimamizi wa madeni na kununuliwa mwaka huo huo wa 2000 na Simon Jordan. Walikuwa daraja la pili la England, ligi ya mechi 46 kwa msimu, Jumamosi na Jumanne, na viwanja vya Januari vikiwa matope. Msimu wa kwanza wa Rubins waliponea chupuchupu kushuka: siku ya mwisho, ugenini kwa Stockport, Dougie Freedman alifunga dakika za jioni kabisa wakabaki. Katika misimu mitatu aliyokuwa pale, timu ilifundishwa na Alan Smith, ikaja kwa Steve Bruce, ikaishia kwa Trevor Francis. Umecheza mpira, kwa hiyo unajua kocha mpya maana yake nini kwa winga. Mabeki wa kati watabaki wawili au watatu, kipa atabaki kipa, straika atahitajika tu. Winga ndiye wa kwanza kuambiwa kwamba mfumo umebadilika na nafasi yake haipo tena.

Hata hivyo sitamtetea kupita kiasi. Palace walimlipia wakitegemea mtu wa kubadili mechi, na kwenye ligi hakuwa huyo mtu. Mpira wa daraja lile ulimtaka winga ampokee beki ana kwa ana, amtoke, apige krosi mapema kwa straika mrefu, halafu arudie tena baada ya dakika mbili, na siku tatu baadaye afanye hivyo hivyo kwenye mji mwingine. Rubins alikuwa ametoka kwenye mechi 28 kwa mwaka, kwenye timu ya taifa inayosubiri na kuvizia. Hakuzoea mdundo ule, na sioni aibu kulisema.

Lakini ipo Jumatano moja ambayo shabiki wa Palace wa umri wangu hawezi kuisahau. Tarehe 10 Januari 2001, uwanja wa Selhurst Park, nusu fainali ya Kombe la Ligi, mechi ya kwanza dhidi ya Liverpool ya Gérard Houllier. Hii ndiyo Liverpool iliyomaliza msimu ule na vikombe vitatu: Kombe la Ligi, Kombe la FA na Kombe la UEFA. Kipindi cha pili Rubins aliachia shuti kali lililomshinda Sander Westerveld golini. Clinton Morrison akaongeza la pili, Vladimír Šmicer akarudisha moja, Palace wakashinda 2-1. Marudiano kule Anfield walipigwa 5-0 na ndoto ikaishia hapo. Hata hivyo, ukitaja jina la Rubins kwa mtu wa Palace, hatakuambia habari za mechi 30 bila bao. Atakuambia habari za shuti lile.

Watanzania tunalielewa hili bila kufundishwa. Mbwana Samatta alikaa Aston Villa nusu msimu, na kwenye ligi alifunga bao moja, dhidi ya Bournemouth. Lakini tarehe 1 Machi 2020 alifunga kwa kichwa pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1 siku ile, na bao lile bado tunaliongelea.

Rubins aliondoka England mwaka 2003, akaenda Shinnik ya Yaroslavl, Urusi. Baadaye alirudi nyumbani Latvia, kisha akamalizia miaka yake ya nje Azerbaijan, ambako alizichezea Inter Baku na Qarabağ. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 43 tu. Namzungumzia kama marehemu, na hilo ni sababu nyingine ya kutaka hesabu yake ipigwe kwa haki.

Tuje sasa kwenye timu ya taifa, maana kocha wako hakukutuma kumtazama Rubins wa Palace. Alikutuma kumtazama Rubins wa Latvia.

Mechi za kufuzu Euro 2004 zilianza Septemba 2002. Kundi lilikuwa na Sweden, Poland, Hungary na San Marino. Hakuna aliyeipa Latvia nafasi. Kocha alikuwa Aleksandrs Starkovs, aliyeifundisha Skonto kwa miaka, kwa hiyo alikuwa anawajua vijana hawa tangu wadogo. Walitoka 0-0 na Sweden Riga. Wakaenda Warsaw wakaifunga Poland 1-0. Wakapigwa 3-1 Hungary, wakapigwa 2-0 na Poland nyumbani, watu wakasema basi. Septemba 2003 wakaifunga Hungary 3-1, na Oktoba wakaenda Sweden wakashinda 1-0 kwa bao la Māris Verpakovskis. Piga hesabu: mechi nane, pointi 16, mabao 10 ya kufunga na 6 ya kufungwa. Na hayo 10, manne ni ya San Marino. Timu iliyofunga mabao sita tu dhidi ya wapinzani wa kweli ilimaliza ya pili, pointi moja nyuma ya Sweden.

Timu ya namna hiyo haiishi kwa mabao. Inaishi kwa kutofungwa, halafu kumpa Verpakovskis mpira mmoja au miwili ya kukimbilia. Kila mchezaji mwingine yupo pale kuhakikisha hilo linawezekana.

Kwenye mechi za mtoano wakapangiwa Uturuki, timu iliyoshika nafasi ya tatu Kombe la Dunia 2002. Novemba 2003 wakashinda 1-0 Riga. Istanbul, Uturuki wakatangulia 2-0, na kwa hesabu ya mechi mbili Latvia walikuwa nje. Dakika mbili hivi baada ya bao la pili, Juris Laizāns akarudisha moja kwa mpira wa adhabu, na Verpakovskis akasawazisha. Mechi ikaisha 2-2, Latvia wakaenda Ureno. Mpaka leo ndiyo timu pekee ya nchi za Baltiki kuwahi kucheza fainali za Euro.

Sasa kaa vizuri, maana hapa ndipo kwenye swali lako. Kule Ureno Starkovs alipanga 4-4-2 yenye mistari miwili iliyobanana. Bleidelis kulia, Rubins kushoto, katikati nahodha Astafjevs na mwenzake. Mechi ya kwanza, dhidi ya Wacheki kule Aveiro, upande wa Rubins ndio uliokuwa na Karel Poborský, winga wao wa kulia. Kijana wangu, ukimwachia beki wako wa kushoto ahangaike na Poborský peke yake, umemuuza. Mechi ya pili, dhidi ya Ujerumani kwenye uwanja wa Bessa mjini Porto tarehe 19 Juni 2004, beki wa kulia wa Wajerumani alikuwa Arne Friedrich, aliyepanda muda wote kwa sababu timu yake ndiyo iliyokuwa na mpira. Ujerumani walikuwa wametoka kucheza fainali ya Kombe la Dunia miaka miwili nyuma. Mechi ile iliisha 0-0.

Huwa nawaonyesha makocha vijana mechi hiyo, na huwa nawaomba wasifuate mpira, wamfuate winga wa kushoto wa Latvia tu. Mara ya kwanza wanachoka, wanaona hafanyi kitu. Mara ya pili wanaanza kuona. Mpira ukiwa upande wa pili, kwa Bleidelis, winga wa kushoto haruhusiwi kubaki kwenye chaki. Anaingia ndani mpaka karibu na kiungo wake, ili katikati kusiwe na uwazi wa kupenyeza pasi. Mpira ukigeuzwa kwa pasi ndefu kuja upande wake, anao muda mfupi sana wa kutoka ndani kwenda nje kumfikia beki aliyepanda. Akichelewa, beki wake wa kushoto anabaki na watu wawili. Akiwahi sana, akaacha ndani kabla pasi haijapigwa, kiungo mpinzani anapiga katikati badala ya pembeni. Kwa hiyo anatakiwa aondoke wakati mguu wa mpigaji unashuka, si kabla wala baada. Hilo linarudiwa dakika 90, na hakuna mahali linapoandikwa.

Halafu akishamfikia huyo beki, hajitupi. Anasimama kwa ubavu, anamwonyesha nje, anamlazimisha apige krosi kutoka mbali au arudishe nyuma. Krosi ikipigwa kutoka mbali, mabeki wa kati Stepanovs na Mihails Zemļinskis kule ndani walikuwa na vimo na vichwa vya kuiondoa. Ikipigwa kutoka karibu na mstari wa mwisho, hata wao wangeumia. Tofauti ya krosi hizo mbili ilikuwa miguuni mwa winga.

Na timu ikiupata mpira? Hapo ndipo watu wanapodhani winga wa namna hii hana mchango wa kushambulia. Rudia bao la Latvia dhidi ya Wacheki, bao pekee walilofunga kwenye fainali zile. Lilikuja mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Andrejs Prohorenkovs, ambaye ni mshambuliaji, aliingia na mpira kwa upande wa kushoto, akamtengea Verpakovskis akamalizia. Kwa nini straika alipata njia pale kushoto? Kwa maoni yangu, winga akiwa chini, beki wa kulia wa mpinzani anavutwa kupanda, na nyuma yake panabaki uwanda mtupu. Straika ndiye anayeutumia. Winga hapati jina kwenye karatasi ya mechi, lakini uwanda ule ulipatikana kwa sababu alikuwa mahali ambapo wewe hutaki kwenda.

Wacheki waligeuza ile mechi wakashinda 2-1 kwa mabao ya Milan Baroš na Marek Heinz, na Uholanzi ikamaliza kazi kwa 3-0. Latvia wakarudi nyumbani na pointi moja. Kwa nchi ile ilikuwa pointi ya kukumbukwa.

Tugeukie hoja yako ya bahati. Ni kweli kwamba nchi ndogo ina ushindani mdogo wa nafasi. Rubins angezaliwa Uholanzi asingefika mechi 100, labda asingefika hata moja. Lakini ubahatike upangwe mara 10, mara 20. Hubahatiki mara 100 kwa miaka 13. Tena angalia kikosi kile: Astafjevs alifika mechi 167 na aliwahi kushikilia rekodi ya Ulaya. Rubins, Laizāns, Bleidelis, Zemļinskis na Verpakovskis wote walivuka 100. Watu sita wa kizazi kimoja. Hiyo haikutokana na uhaba peke yake. Mfumo ule ulitegemea watu wanaojuana kwa macho, na kila ukimtoa mmoja unaanza kufundisha upya. Winga mwenzake wa kulia, Bleidelis, ana historia inayofanana na yake kabisa. Southampton alionekana kwenye mechi mbili tu za Ligi Kuu, na Latvia akacheza zaidi ya 100. Mawinga wawili, klabu mbili za England, hadithi ileile. Mimi hainiambii kwamba wote wawili walikuwa wabovu. Inaniambia kwamba kazi waliyoibobea ilikuwa na soko kubwa Riga kuliko London.

Na hilo linanileta kwenye swali lako la pili: nani atakuona?

Sitakudanganya. Ukicheza kama Rubins wa Latvia na usiongeze kitu, mtu anayekuja kutafuta vipaji kwenye ligi ya mkoa hatakuona. Anakuja mara moja, anakaa nusu saa, anaangalia nani amemtoka beki na nani amefunga. Haoni aliyeingia ndani kwa wakati. Kocha wako anaona, kwa sababu anakuangalia kila siku, na ndiyo maana anakupanga. Usimchukie kwa hilo. Ila usikubali pia kwamba kukaba ndiyo kazi yako yote, kwa sababu hata Rubins haikuwa yake yote. Mtu aliyeifunga Liverpool hakuwa mkabaji aliyepotea njia. Alikuwa na shuti la maana, na siku mpira ulipomwangukia mahali pake hakusita. Wewe una nini? Kama ni kasi, iwe kasi ya dakika ya 80 na siyo ya dakika ya 10. Kama ni krosi, iwe unaipiga ukiwa unakimbia, bila kusimama kujipanga. Chagua kimoja ukinoe kila baada ya mazoezi, wenzako wakiwa wanavua viatu.

Jambo lingine linalowashinda vijana wengi ni ile pasi ya kwanza baada ya kunyang'anya mpira. Umerudi umbali wote huo, umemsaidia beki, mpira umekuwa wako, halafu unaubutua nje au unampa kipa. Kazi yote imekwenda na maji. Zoea kuinua kichwa kabla hujaugusa, ujue straika wako yuko wapi. Winga anayekaba na kuanzisha kaunta kwa pasi moja ni mali adimu, na kocha wa timu ya juu akiliona hilo mara mbili kwenye mechi moja, ataulizia jina lako.

Tafuta pia mtu akurekodi mechi nzima, simu ikiwa imewekwa juu ya kitu, ionyeshe upande wako wote. Klipu za chenga zinazozungushwa na kila mtu hazina faida kwako, kwa sababu ubora wako ni ule unaofanyika bila mpira. Ukitumiwa ujumbe na mtu wa klabu fulani akitaka kukuona, mtumie chenga zako, lakini mwambie pia kwamba dakika zote 90 zipo.

Mwisho, zungumza na kocha wako, kwa adabu na nje ya mazoezi. Usimwambie hutaki kurudi. Mwambie utarudi kila mpira utakapopotea, na umwombe kitu kimoja badala yake: timu ikiupata mpira ng'ambo ya nusu uwanja, akuruhusu umvae beki wako bila kuulizwa, hata kama mara tatu kati ya tano utapokonywa. Nawafahamu makocha wa ligi za mikoa. Wengi wao watakubali, kwa sababu ni nadra mchezaji wa miaka 19 kuja na ombi linaloanza na kukaba. Akikubali, nijulishe mnavyoendelea baada ya mzunguko wa kwanza, na unieleze beki wako wa kushoto anasemaje, maana yeye ndiye shahidi wako wa kweli.